Kiporo na Moto: Kwa Nini Kuchemsha Hakuondoi Kila Sumu

Liko neno ambalo husikika karibu katika kila jiko la pwani yetu, na bara vile vile: "Umeshapata moto, hauna neno." Neno hilo husemwa juu ya wali wa jana, juu ya mchuzi uliolala, juu ya nyama ya karamu iliyobaki masufuriani. Mama wa nyumba hukirudisha chakula motoni, hukigeuzageuza mpaka kikatoa mvuke, kisha huwapakulia wanawe kwa moyo mkunjufu. Amefunzwa na mamake kwamba moto huua vijidudu, na mafunzo hayo ni ya kweli. Walakini kukiua kijidudu ni jambo moja, na kuiondoa sumu kilichoitema kabla ya kufa ni jambo jingine. Na katika nafasi iliyo baina ya mambo hayo mawili watu wengi wameugua, na wengine wamezikwa.

Sababu yake imo katika umbo la sumu yenyewe, yaani jinsi atomu zake zilivyoshikamana. Wataalamu wamezichungua sumu hizi mpaka wakaweza kuchora picha zake, atomu kwa atomu, na picha hizo zatueleza kwa nini moto huivunja moja na nyingine hauidhuru kitu. Nataka kuzieleza tatu, na zaidi ile inayokaa katika wali, kwa kuwa wali ndio chakula chetu cha furaha na cha msiba.

MDUDU AMEKUFA, SUMU IPO

Kwanza yafaa tutenge namna mbili za chakula kinachodhuru. Iko namna ambayo bakteria walio hai huingia tumboni pamoja na chakula, wakazaana humo, na mtu akaugua. Homa ya matumbo ni ya namna hiyo. Hapo moto ni dawa, kwani bakteria akifa shari yake imekwisha. Namna ya pili ni ile ambayo bakteria wamekaa katika chakula kabla hakijaliwa, wakala wakashiba, wakaiacha sumu yao humo. Mlaji hali bakteria, bali hula kazi waliyoifanya.

Jambo hili halikuaminika upesi. Mwaka 1914 daktari mmoja aitwaye Barber, katika visiwa vya Ufilipino, aliandika jinsi alivyokunywa maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele na kutapika kila mara maziwa hayo yalipokuwa yamekaa bila ya kupozwa. Kisha mwaka 1930 Gail Dack na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walipata keki ya malai iliyowadhuru watu. Wakawakuza bakteria waliomo, wakayachuja maji waliyokulia mpaka hapakuwa na hata bakteria mmoja, wakawanywesha watu waliojitolea. Watu wale wakaugua kama walioila keki. Tangu hapo ikathibiti kwamba sumu yaweza kusafiri peke yake, bila ya mwenyewe.

MKUFU WA PUNJE 12

Sasa natuje katika wali. Katika udongo wa mashamba huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, naye huingia katika mpunga tangu kondeni. Anapopatwa na ukame au joto kali hujifungia ndani ya ganda gumu, mithili ya mbegu, na mbegu hiyo wataalamu huiita spora. Kuchemsha wali kwa saa nzima hakuziui spora hizi zote. Bali joto huziamsha! Wali ukiisha kuiva, ukapoa polepole ndani ya sufuria lililofunikwa, spora huchipua na bakteria huanza kuzaana katika chakula kilicho laini, chenye maji, na kisicho na mshindani, maana bakteria wengine wote wameuawa na moto ule ule.

Tufanye hesabu ndogo. Wali wa futari hupakuliwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na uliobaki huwekwa kwa ajili ya daku, kama saa kumi alfajiri. Hapo pana saa tisa na nusu. Tukitoa saa moja na nusu ya kupoa na kuchipua, zimebaki saa nane. Ikiwa bakteria hugawanyika mara moja katika kila nusu saa, basi mmoja aliyeamka huwa 65,536 kabla ya daku kuletwa. Na katika joto la usiku wa pwani huenda wakafanya haraka zaidi.

Baadhi ya bakteria hawa, si wote, hutengeneza sumu iitwayo sereulidi. Umbo lake lilifumbuliwa na wataalamu wa Japani, nao wakalitangaza mwaka 1994 na 1995. Ili kuijua ajabu yake, msomaji na afikiri kwanza habari ya protini. Protini ni uzi mrefu wa shanga, na kila ushanga ni molekuli ndogo iitwayo amino asidi. Uzi huo hujikunja ukafanya umbo maalumu, na kazi yote ya protini hutegemea mkunjo huo. Moto hauukati uzi, bali huulegeza mkunjo. Ute wa yai ni protini. Tazama unavyogeuka mweupe na mgumu katika kikaango, wala haurudi tena kuwa ute. Sumu iliyo protini, ikilegea namna hii, huwa kama ufunguo uliopindwa: chuma ni kile kile, lakini haufungui.

Sereulidi si uzi. Ni mkufu uliofungwa, wenye punje 12 tu. Punje sita ni amino asidi, na sita nyingine ni jamaa zake wa karibu, zikipokezana moja baada ya moja. Punje nne kwa mpango wake, kisha nne zile zile, kisha nne zile zile tena, mpaka mduara ukafungika. Hauna mwanzo wala mwisho. Nguvu yake haitokani na mikunjo dhaifu ya uzi mrefu inayofunguka kwa moto. Punje zenyewe zimefungamana kwa vifungo ambavyo joto la jikoni haliwezi kuvikata. Katika maabara sumu hii imetiwa katika joto la 121 °C, ambalo sufuria la kawaida halifikii kamwe kwani maji huchemka kwa 100 °C, ikakaa humo zaidi ya saa moja, na ikatoka na ukali wake.

Tumbo nalo haliiwezi. Vimeng'enya vyetu huzikata protini kwa kuzishika mahali maalumu, kama mguu unavyoingia katika kubadhi lake. Amino asidi huweza kuwa za namna mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na miili yetu hutengeneza protini kwa zile za kushoto tu. Mkufu huu umechanganya za kushoto na za kulia. Kimeng'enya hukuta kubadhi lisilo la mguu wake, kikaliacha, na sumu ikapita salama.

Na kazi yake ni nini? Ndani ya mduara huo zimeelekezwa atomu za oksijeni, nazo hupenda kuikamata atomu yenye chaji ya potasiamu na kuiweka katikati, kama jiwe katika pete. Nje ya mduara ni kama mafuta. Ngozi ya kila seli ya mwili ni ya mafuta pia, kwa hiyo mkufu hupenya humo bila ya kubisha hodi, umebeba potasiamu yake. Huingia hata katika mitokondria, ambazo ni tanuri ndogo zinazoipa seli nguvu, ukaivuruga chaji ambayo tanuri hizo hutegemea. Tumboni hali ni nyingine: sumu huigusa mishipa ya fahamu iendayo kwenye ubongo, na mtu hutapika baada ya nusu saa hadi saa sita. Wajapani waliipima kazi hii kwa kuwalisha virukanjia, kwani panya hawezi kutapika hata akitaka, na kirukanjia huweza.

Wengi waliopatwa hutapika siku moja wakapona. Na kwa kuwa hupona, watu husema ni mafuta yaliyozidi, au ni jicho la hasidi, na sufuria lile lile huwekwa tena usiku wa pili. Lakini si kila mtu huponyoka. Mwaka 2003 huko Ubelgiji watoto watano wa nyumba moja walikula saladi ya makaroni iliyopikwa Ijumaa, ikapelekwa matembezini Jumamosi, kisha ikawekwa katika jokofu mpaka Jumatatu jioni. Wote waliugua, na binti wa miaka saba akafa usiku ule kwa kuharibika ini. Jokofu lilipopimwa lilikuwa na joto la 14 °C. Nyumba ngapi kwetu zina jokofu linalofunguliwa kutwa, au ambalo umeme wake hukatika na kurudi, nasi twaliamini kwa kuwa linanguruma?

Ugonjwa huu ulijulikana vizuri kwanza Uingereza, mapema katika miaka ya 1970, kwa sababu ya wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina. Wapishi walichemsha wali mwingi, wakauacha nje usiku kucha wakichelea kuupoza, maana wali uliopozwa hushikana na punje zake hazikaangiki vizuri. Asubuhi wakaukaanga upesi kwa mayai. Mpishi wetu mwenye kuukaanga wali wa jana kwa vitunguu na binzari hana tofauti nao. Harufu haimwonyi. Wali uliochacha hujulikana kwa pua, lakini sereulidi haina harufu, haina ladha, haina rangi.

PROTINI ILIYOJIKAZA

Sumu ya pili ni ile ya keki ya Dack. Mwenye kuitengeneza ni Staphylococcus aureus, ambaye kwa darubini huonekana kama kishada cha zabibu, na jina lake la Kiyunani lina maana hiyo. Huyu hatoki shambani. Hukaa puani mwa karibu theluthi moja ya watu wenye afya njema, na katika majipu, chunusi na vidole vilivyokatika. Huingia chakulani kwa mkono wa mpishi, mara nyingi baada ya chakula kuiva: anapochambua kuku, anapokata nyama ya sambusa, anapokoroga malai.

Sumu yake ni protini kwelikweli, lakini ni fupi na imejikaza. Ile ya aina B, ambayo umbo lake lilichorwa kwa eksirei mwaka 1992, ina amino asidi 239 zilizojikunja katika mafundo mawili yaliyogusana sana. Mahali pamoja uzi umefungwa kwa daraja la atomu mbili za salfa, na kifungo hiki ni cha nguvu kuliko mikunjo mingine. Kwa ajili ya kujikaza huku vimeng'enya vya tumbo havipati pa kuanzia. Moto huilegeza kwa taabu, na imeonekana maabarani kwamba baadhi ya molekuli zilizolegea huweza kurudia umbo lake chakula kinapopoa. Kuchemsha kwa dakika chache hakutoshi, na kiasi kisichofika sehemu moja ya milioni ya gramu chatosha kumwangusha mtu mzima.

Dalili ya ukweli huo ilionekana Japani mwaka 2000. Umeme ulikatika kwa saa kadhaa katika kiwanda kimoja cha maziwa huko Hokkaido mwezi wa Machi, maziwa yakakaa yana joto, bakteria wakazaana. Kisha maziwa yakatiwa moto kama ilivyo ada, bakteria wakafa wote, yakakaushwa yakawa unga. Unga ukapimwa ukaonekana hauna bakteria wa kutisha. Miezi mitatu baadaye ulitiwa katika maziwa ya kunywa yaliyouzwa Osaka na miji ya jirani, na watu zaidi ya 13,000 wakaugua. Wapimaji walimtafuta mwizi nyumbani, kumbe ameshaondoka na sumu ameiacha sebuleni.

Juu ya hayo, sumu hii ina hila nyingine. Hushika kwa upande mmoja seli ya mwili iliyo kama mlinzi, na kwa upande wa pili seli iliyo askari, ikaziunga kwa nguvu pasipo na adui yeyote. Askari wengi mno huamka kwa pamoja, wakapiga mbiu, na mwili ukajisumbua wenyewe.

ILE INAYOSHINDWA NA MOTO

Sumu ya tatu ndiyo kali kupita zote, nayo ndiyo dhaifu mbele ya moto. Ni botulini, ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Iligunduliwa asili yake na Emile van Ermengem baada ya msiba wa kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, mwaka 1895, ambapo wapiga muziki waliokula paja la nguruwe lililotiwa chumvi walipatwa na kupooza, na watatu wakafa. (Sisi tumeepushwa na nyama hiyo, lakini si na sumu hiyo, kwani hupatikana pia katika samaki, mboga na vyakula vya kopo vilivyofungwa vibaya.)

Molekuli yake ni jitu: amino asidi karibu 1,300, nyuzi mbili zilizounganishwa na daraja la salfa. Uzi mrefu hushika mshipa wa fahamu na kufungua njia. Uzi mfupi huingia, nao umebeba atomu ya zinki kama ukali wa kisu, ukakata protini ambazo mshipa huzitumia kupeleka amri kwa misuli. Hapo kope hulegea, macho huona viwili viwili, kumeza hushindikana, na mwisho kifua hakipumui. Lakini kisu hiki kina sehemu nyingi zinazotegemeana, na umbo kubwa namna hii hulegea upesi. Chakula kikichemka sawasawa hata katikati yake kwa dakika kumi, botulini huharibika. Hapa mama mwenye kusema "umeshapata moto" amesema kweli, kwa sharti moto uwe wa kuchemsha, si wa kutia vuguvugu.

Spora zake lakini hazifi kwa kuchemsha, na hapa pana jambo linalogusa desturi zetu. Tangu mwaka 1976 imejulikana kwamba matumbo ya mtoto mchanga, asiyetimiza mwaka mmoja, huweza kuziacha spora hizi zichipue na kutoa sumu humo ndani. Na asali ni moja ya vitu vinavyozibeba. Asali ina sifa yake katika Qurani, na mtu mzima huila bila ya hofu kwa kuwa matumbo yake yamekomaa. Ama mtoto wa siku saba, asipakwe asali ulimini. Mwenye kutaka sunna ya tahniki anayo tende, ambayo ndiyo iliyopokewa kwa Mtume (S.A.W.), na kiasi kidogo kilicholainishwa chatosha.

WALI WA KARAMU

Msomaji atasema: Je, tumwage chakula, nasi twajua ubaya wa israfu? Hapana. Israfu huanza wakati wa kupima mchele, si wakati wa kumwaga. Pilau ya watu mia mbili haina haja ya kupikiwa mia tatu ili watu waseme karamu ilifana. Na kilichobaki na kitolewe kingali na moto, jioni ile ile, kwa majirani na wasafiri. Iko tabia moja ambayo siipendi hata kidogo: wali wa harusi hulala masufuriani mpaka asubuhi, kisha huitwa mtu aupeleke chuoni kwa watoto wa Qurani, na jambo hilo likahesabiwa sadaka. Mwenye kutoa hangeuonja yeye.

Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la nyumba zaidi ya saa mbili. Hivi ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Ama kiwe juu ya makaa na joto lake lisishuke chini ya 60 °C, ama kipozwe upesi chini ya 5 °C. Sufuria kubwa lililofunikwa halipoi upesi. Katikati ya wali pana joto la kuatamia hata usiku wa manane. Utandaze katika masinia mapana, kina cha vidole viwili, ndipo uingie jokofuni. Asiye na jokofu, naye ndiye wengi wetu, daku yake na aipike wakati wa daku, hata kama ni uji na mkate tu. Aliyekatika kidole apewe kazi ya kuchochea moto au kuosha vyombo, asichambue kuku.

Na mtu akiugua? Mwenye kutapika apewe maji yenye chumvi na sukari ya dawa ya kuharisha, kidogo kidogo. Akiacha kutapika kisha akawa mzito wa usingizi, au macho yakageuka manjano, apelekwe hospitali, maana hiyo ni dalili ya ini. Na mwenye kope zilizolegea au kuona viwili viwili asingojewe hata saa moja. Iko dawa ya kuikamata botulini ingali katika damu, lakini ile iliyokwisha kuingia ndani ya mshipa dawa hiyo haiifikii, na mshipa hungoja wiki nyingi mpaka uchipue upya.